Meli za Sayyid Barghash hazikufika Tabora

Likizo iliyopita nilikwenda Ipole, wilayani Sikonge, kusini ya Tabora, kuwasomesha vijana historia. Baada ya Isha kijana mmoja akaniuliza swali nililokwisha lisikia hata Dar es Salaam. Ikiwa Sayyid Barghash bin Said alikuwa na meli za vita, kwa nini aliwaachia Wajerumani bara bila kupigana? Wapo wasemao aliogopa, na wapo wasemao aliiuza nchi. Mimi naona tunamdhulumu marehemu kwa kutotazama ramani.

Barghash alikuwa mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sayyid Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Alikalia kiti Oktoba 1870. Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kuziharibu meli zake pale pale bandarini.

Wakati huo bara kulikuwa kumeshawaka moto. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipigana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wao, akauawa, na njia ya Ujiji ikafungwa. Misafara ikalazimika kuzunguka kusini, upande wa mapori haya ya Sikonge. Sultani angefanya nini? Mizinga yake ilikuwa juu ya maji, na kutoka Bagamoyo hadi Tabora msafara ulitembea karibu miezi 3. Misri iliweza kuingiza meli ndani kabisa ya Sudan kwa mto Naili. Sisi hatuna mto wa namna hiyo. Ruvu, Wami na Rufiji, hakuna hata mmoja unaopandisha meli hadi Unyamwezi. Alituma askari kwa miguu, lakini hawakumvunja Mirambo, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1884.

Na bahari yenyewe haikuwa yake. Juni 1873 Waingereza walitishia kukizingira kisiwa kwa manowari, akatia saini kulifunga soko la watumwa. Biashara ile ilikuwa dhulma, na tusiitetee ati kwa kuwa Waislamu wenzetu walikuwamo. Lakini tuone jinsi alivyobanwa. Mwenye meli kubwa zaidi aliweza kumfungia mlango mtu wa kisiwani.

Barghash hakukaa bure. Alizuru Uingereza mwaka 1875. Mwaka 1877 jeshi jipya la nchi kavu likaanza kufunzwa na Lloyd Mathews, na mwaka 1878 ikashushwa majini meli yake ya Glasgow. Alileta maji safi mjini, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Hata hivyo kasri, forodha na hazina vyote vilitazama bahari, mahali ambapo manowari yoyote ingeweza kutia nanga.

Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alipita Usagara na nchi za jirani akikusanya mikataba ya watemi na machifu. Mwaka uliofuata Barghash alipinga. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri, mizinga tayari. Uingereza aliyoitegemea haikumsaidia, naye akakubali. Mwaka 1886 wakubwa hao wawili walikubaliana kumwachia visiwa, ukanda wa pwani wa maili 10 na miji michache ya kaskazini. Alifariki Machi 1888. Glasgow ilizamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita isiyofika saa moja, siku ambayo Khalid, mtoto wake, alikuwa amekalia kiti.

Je, hana kosa? Analo, lakini si uoga. Kosa ni kutegemea rafiki mmoja mgeni, na kuifanya bara kuwa mahali pa kutoa pembe na ushuru badala ya kufungamana na watu wake. Nguvu ya kumzuia Peters haikuwa Glasgow. Ilikuwa kwa watemi kama Mirambo, na miaka ambayo ingetosha kujenga maelewano nao ilipotea katika vita.

Nilimwambia kijana wa Ipole kwamba meli hulinda pale inapofika. Kule isikofika, nchi hulindwa na wenyeji wake wanaporidhika kuwa ni yao na haki yao imo. Hilo, ndugu zangu, Sayyid Barghash asingeweza kuliagiza kutoka Uingereza.