Kamal al-Din al-Farisi na Namba Zinazopendana



Ndugu wanafunzi na wazazi, wapo miongoni mwetu wanaodhani hisabati ni elimu ya wageni, isiyomhusu mtoto wa madrasa. Kwa sababu hiyo tumeona tumtaje mwanachuoni Kamal al-Din al-Farisi, aliyezaliwa mwaka 1267 huko Tabriz, katika nchi ya Iran ya leo.

Alisoma kwa Qutb al-Din al-Shirazi, naye akamwelekeza kwenye kitabu cha Ibn al-Haytham kuhusu mwanga. Kwa kutumia tufe la kioo lililojazwa maji, al-Farisi alieleza jinsi matone ya mvua yanavyoupinda mwanga wa jua, hata sisi wa Murangi tukauona upinde wa mvua juu ya ziwa.

Kazi yake nyingine ilihusu namba zinazopendana. Tuchukue 220. Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Jumla yake ni 284. Vigawo vya 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142, na jumla yake ni 220. Kila moja humzaa mwenzake.

Kanuni ya kutafuta jozi za namna hii ilitolewa karne ya 9 na Thabit bin Qurra wa Harran, ambaye hakuwa Mwislamu. Al-Farisi aliithibitisha kwa njia mpya: kwanza alichunguza jinsi namba inavyogawanyika katika namba tasa, kisha akahesabu vigawo vyake. Ndipo akaonyesha jozi kubwa zaidi, 17,296 na 18,416. Ya kwanza ni 16 × 23 × 47, na ya pili ni 16 × 1,151. Vigawo vyote vya kila moja, pamoja na yenyewe, jumla yake ni 35,712. Ukiitoa namba yenyewe, anabaki mwenzake.

Al-Farisi alifariki mwaka 1319 (718 Hijria). Mwaka 1636 Mfaransa Pierre de Fermat aliitaja jozi hiyo hiyo, na kwa muda mrefu sifa ikawa yake.

Ndugu zetu, kulalamika hakurudishi elimu. Al-Farisi aliipokea kwa waliomtangulia, akaihakiki, akaiongeza. Nasi tushike kalamu tuhesabu vigawo hivyo wenyewe. Allah amrehemu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.