Fermi na Swali la Kuchekesha

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza eti Watanzania wote tukiruka juu kwa pamoja, Dunia itasogea? Darasa zima likaangua kicheko. Mimi jibu sikuwa nalo, basi nikamwambia akae tuendelee na mada. Wiki ile nzima hakunyoosha mkono tena.

Wanachuo wenzangu, jambo lile lilinikera moyoni mpaka niliposoma maisha ya Enrico Fermi.

Fermi alizaliwa Roma mwaka 1901. Alipokuwa na miaka 13, kaka yake Giulio, aliyekuwa ndiye rafiki yake mkubwa, alifariki ghafla. Kijana akajifukia kwenye vitabu vya fizikia, vingine vya mitumba kutoka sokoni, kimojawapo cha Kilatini. Kufikia miaka 25 alikuwa tayari profesa. Mwaka 1938 akapata Tuzo ya Nobel. Mkewe Laura alikuwa Myahudi, na serikali ya Mussolini ilishatunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Walipokwenda Stockholm kupokea tuzo, hawakurudi nyumbani, wakaelekea Marekani. Huko Chicago, tarehe 2 Desemba 1942, yeye na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo.

Lakini walimu wanamkumbuka zaidi kwa maswali yake. Maarufu ni hili: Chicago ina mafundi wangapi wa kurekebisha sauti za piano? Unaona ni utani, ila tazama hesabu. Tuseme mji una watu milioni 3, kila kaya watu 3. Hizo ni kaya milioni 1. Kama kaya moja kati ya 20 ina piano, ziko piano 50,000. Kila piano irekebishwe mara moja kwa mwaka, na fundi afanye 4 kwa siku, siku 250. Yaani 1,000 kwa mwaka. Basi mafundi ni kama 50. Ukizidisha hapa, ukapunguza pale, makosa huelekea kufidiana, na jibu haliwi mbali sana na ukweli.

Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la atomu lilipojaribiwa jangwani New Mexico, Fermi alisimama kilomita 16 hivi kutoka pale, akaangusha vipande vya karatasi wimbi la mlipuko lilipopita. Akapima vilisogea kiasi gani, akakadiria nguvu ya tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vilionyesha kama mara mbili ya hapo. Kwa vipande vya karatasi, si haba! Ila mwezi uliofuata mabomu ya atomu yaliua maelfu kwa maelfu Hiroshima na Nagasaki, na hapo hakuna wa kucheka.

Alifariki kwa saratani ya tumbo mwaka 1954, akiwa na miaka 53. Rafiki aliyemtembelea hospitalini alimkuta akihesabu kwa saa matone ya dripu iliyomlisha, apate kujua inakwenda kwa kasi gani.

Nilipomaliza kusoma nikachukua kalamu. Watanzania milioni 60, kila mmoja kilo 40 kwa wastani, ni kilo bilioni 2.4. Dunia ina kilo zipatazo 6 ikifuatiwa na sifuri 24. Tukiruka sentimita 30, Dunia itasukumwa umbali mdogo kuliko hata kiini cha atomu, kisha tukitua inarudi palepale.

Nilibakiwa na siku mbili tu pale shuleni. Nikaingia darasani, nikamwomba radhi mwanafunzi yule mbele ya wenzake, nikampa chaki. Hesabu tukaifanya wote, yeye akiwa ubaoni. Walicheka tena, safari hii naye akiwemo, halafu mikono kama kumi hivi ikanyooshwa.