Blondel: Mfaransa aliyerahisisha upimaji wa umeme

Na Mwandishi Wetu, Masasi

Mwenye mashine ya kusaga nafaka Chidya, wilayani Masasi, akitumia umeme wa njia tatu, matumizi yake hupimwa kwa kanuni ya mwanasayansi Mfaransa, marehemu André Blondel.

Blondel alizaliwa mjini Chaumont mwaka 1863. Mwaka 1893 alithibitisha kuwa nguvu ya umeme katika nyaya nne hupatikana kwa vipimo vitatu. Katika nyaya tatu, viwili. Waya mmoja huwa msingi wa kulinganishia volti. Volti na mkondo wa kila waya uliosalia huzidishwa papo kwa papo, hutafutwa wastani, kisha majibu hujumlishwa. Hivyo, hata mizigo isipolingana, mteja na shirika hawapunjani.

Mwaka huohuo alibuni osilografu, chombo cha kuchora mawimbi ya umeme. Kupooza kulimfungia chumbani miaka 27, lakini hakuacha utafiti. Alifariki dunia mwaka 1938.