Mwalimu Nyerere: Mshitakiwa wa kashfa aliyekuja kushika rungu la dola

JULAI 1958, miaka mitatu na miezi mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Julius Kambarage Nyerere alipanda kizimbani mjini Dar es Salaam kujibu mashitaka ya jinai ya kashfa. Kosa lake lilikuwa maandishi.

Mtoto huyo wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Julai 7, 1954 alikuwa miongoni mwa walioasisi TANU, na mwaka uliofuata akaacha ualimu ili akitumikie chama. Serikali ya kikoloni haikuupenda ulimi wake. Mwaka 1957 ilimpiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa.

Mei 1958 aliandika katika kijarida cha Sauti ya TANU makala iliyowatuhumu Mabwana Shauri wawili kuwaonea wananchi. Aliposhitakiwa, hakujificha nyuma ya chama wala kumsukumia mwingine lawama. Alikiri mahakamani kwamba makala ni yake. Miongoni mwa waliomtetea alikuwa D. N. Pritt, wakili Mwingereza aliyewahi kumtetea Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Agosti alitiwa hatiani, akatakiwa kulipa faini ya Sh 3,000 au kwenda jela miezi sita.

Jela ingemwongezea ushujaa mbele ya umma, lakini ingeweza pia kuwasha moto nchini wakati uchaguzi wa Septemba ukikaribia. Faini ililipwa kwa michango ya wafuasi, nchi ikatulia, na TANU ikashinda uchaguzi huo.

Tanganyika ilipata Uhuru Desemba 9, 1961. Aliyeshitakiwa kwa maandishi sasa alikuwa mwenye dola, na hapo ndipo mtihani wake wa pili ulipoanza. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Hoja ilikuwa kwamba taifa lilikuwa changa na maneno ya uchochezi yangeweza kulipasua. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, kwani Januari 1964 wanajeshi waliasi. Hata hivyo, raia aliyezuiliwa chini ya sheria hiyo hakuwa na kizimba cha kujitetea kama kile alichopewa Nyerere na wakoloni.

Februari 1970 alilitaifisha gazeti la The Standard, akalipa ruhusa ya kuikosoa hata serikali. Mhariri alikuwa Frene Ginwala, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini. Mwaka 1971 gazeti hilo lilichapa tahariri ya kulaani mauaji ya wakomunisti yaliyofanywa na utawala wa Numeiri wa Sudan, na Ginwala akaondolewa. Mwaka 1976 ikaja Sheria ya Magazeti, iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Mwalimu aling'atuka mwaka 1985, lakini sheria hiyo ilibaki mikononi mwa wengine hadi ilipofutwa mwaka 2016.

Akiwa mstaafu, alirejea kwenye kalamu. Mwaka 1994 kilitoka kitabu chake, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichowakosoa waziwazi viongozi wakuu wa chama alichokiasisi mwenyewe. Safari hii hakuna aliyempeleka mahakamani. Lakini alikuwa Baba wa Taifa, na si kila mwandishi alikuwa na kinga hiyo.

Alifariki dunia London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama.

Maisha yake yameacha mafunzo mawili. Anayemtuhumu mwenzake hadharani aweke jina lake chini ya neno lake, awe tayari kulithibitisha na kubeba gharama yake. Naye mtawala anayetunga sheria ya kuziba midomo kwa nia njema akumbuke kwamba yeye ataondoka, na sheria itabaki ikimsubiri mrithi asiyemjua.