Ajayi wa Osogun

Katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria, palikuwa na mji jina lake Osogun. Asubuhi moja mwaka 1821, watu walipokuwa wakipika chakula, adui wakauzingira mji, wakauteketeza. Ajayi, kijana wa miaka yapata 13, akafungwa kamba shingoni pamoja na mama yake na dada zake. Baba yake hakumwona tena.

Kesho yake Ajayi akabadiliwa kwa farasi. Baada ya miezi miwili farasi akarudishwa kwa mwenyewe, na Ajayi naye akarudishwa, akakaa na mama yake kitambo. Kisha jioni moja akafungwa tena, akapelekwa mbali, akauzwa mara nyingi, hata mara moja kwa tumbaku na pombe. Aliposikia kwamba atauzwa kwa Wareno, akakata tamaa kabisa. Usiku alijaribu kujinyonga kwa mshipi wake, lakini moyo ukamshinda.

Mwezi wa Aprili 1822 Wareno wakampakia merikebuni huko Lagos. Haikupita siku mbili, manowari za Waingereza zikaikamata merikebu ile. Watumwa hawakujua kwamba wameokolewa. Waliona nyama ya nguruwe imetundikwa na risasi za mizinga zimerundikwa, wakadhani ni nyama na vichwa vya watu! Hawakutulia mpaka walipokaribia na kuona kwato za nguruwe.

Wakashushwa Sierra Leone, na Ajayi akatiwa shuleni. Katika miezi sita akaweza kusoma Agano Jipya. Nami niliyefundisha watoto miaka mingi nasema hiyo si kazi ndogo. Mwaka 1825 akabatizwa, akaitwa Samuel Crowther. Baadaye aliandika kwamba siku ile chungu ya kutekwa kwake aliihesabu kuwa siku ya baraka, kwa kuwa ndiyo iliyomfikisha kwa Kristo. Msidhani kwamba aliusifu utumwa. Aliuchukia na kuupinga maisha yake yote.

Mwaka 1827 akawa mwanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay, na mwaka 1843 akawa kasisi. Mwaka 1846 akafika Abeokuta, katika nchi ya Wayoruba wenzake. Huko, mwezi wa Agosti, mwanamke mzee aliyekonda akaja kwake. Alikuwa mama yake! Miaka 25 ilikuwa imepita. Mama akatetemeka, asiamini macho yake. Wakashikana, wakatazamana kimya, na machozi yakamtiririka mama mashavuni. Hata baadaye walikuwa wakisema neno moja moja tu, kisha wakanyamaza tena.

Mwaka 1848 mama huyo alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa Abeokuta. Akapewa jina la Hana, ambaye katika Biblia ndiye mama yake Samweli.

Mwaka 1864 Crowther akawekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Kiingereza. Alifasiri Maandiko katika Kiyoruba, akajenga makanisa na shule kando ya mto Niger. Uzeeni huzuni ikamrudia, maana wamisionari vijana kutoka Ulaya waliwashutumu wasaidizi wake na kumpunguzia mamlaka, nayo haikuwa haki. Mwaka 1890 akajiuzulu katika kamati yao kwa uchungu, lakini kazi hakuiacha. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, akiwa bado askofu.