Mfahamu Gary Gygax, fundi viatu aliyempa mpiganaji silaha za kuchagua

Mwaka 1970, Mmarekani Gary Gygax alipoteza kazi yake katika kampuni ya bima mjini Chicago. Alikuwa na mke na watoto watano. Ili familia ipate riziki, alitengeneza viatu nyumbani kwake katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Muda uliobaki aliandika kanuni za michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vinyago vya askari.

Gygax alizaliwa Julai 27, 1938. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Uswisi. Hakumaliza sekondari, lakini alipenda sana kusoma hadithi za mashujaa.

Mwaka 1973 alianzisha kampuni ya TSR na rafiki yake Don Kaye. Mwaka uliofuata ikatoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao Gygax aliubuni pamoja na Dave Arneson. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu.

Mchezo huo unachezwaje? Watu huketi mezani. Mmoja husimulia hatari iliyopo, na kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini. Dadu huamua kama pigo limempata adui au limekosa.

Katika kanuni za mwanzo, mchawi aliruhusiwa kubeba kisu tu, na kasisi alikatazwa silaha zenye makali. Mpiganaji alikuwa huru kuchagua: upanga, shoka, mkuki au upinde. Lakini uhuru huo haukuwa na faida kubwa, kwa sababu silaha zote ziliumiza sawa, kwa dadu moja ya pande sita.

Gygax aliendelea kurekebisha. Mwaka 1975, nyongeza iitwayo Greyhawk ilizipa silaha nguvu tofauti. Mwaka 1978, mpiganaji mzoefu aliruhusiwa kupiga mara nyingi zaidi. Mwaka 1985, kitabu cha Unearthed Arcana kilimruhusu kubobea katika silaha moja, akapiga kwa uhakika na kwa nguvu zaidi. Gharama yake ni kwamba alijifunza silaha chache kuliko wenzake.

Mwaka huohuo, Gygax mwenyewe aliishiwa njia. TSR ilikuwa na madeni, na Lorraine Williams akanunua hisa za kutosha kuidhibiti. Gygax alikwenda mahakamani akashindwa, kisha akaiacha kampuni aliyoianzisha.

Aliendelea kubuni michezo mingine hadi alipofariki Lake Geneva, Machi 4, 2008, akiwa na umri wa miaka 69.

Leo, ukicheza mchezo kwenye simu ambamo mpiganaji wako ana alama za uhai, anapanda viwango na kuchagua silaha, unatumia mambo yaliyoenezwa na mchezo wa Gygax na Arneson.