Verdi, mtoto wa mwenye nganda, na mtihani wa piano

Jina la Giuseppe Verdi wengi wanalijua juu ya opera zake, Nabucco, Aida na zingine. Wachache wanajua kwamba huyu bwana alianguka mtihani wa piano. Leo nataka kueleza habari hiyo, maana kijana anayejifunza piano peke yake anajua hofu ya siku ya kukaa mbele ya wapimaji.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1813 katika kijiji cha Le Roncole, karibu na mji mdogo wa Busseto, kule Italia. Wakati ule sehemu hiyo ilikuwa chini ya Napoleon, njo maana kwenye kitabu cha serikali waliandika jina lake kwa Kifaransa: Joseph Fortunin François. Baba yake Carlo alikuwa na nganda, anauza divai na vitu vya dukani. Mama yake Luigia alikuwa anasokota nyuzi.

Baba alimnunulia spineti ya zamani, kinanda kidogo cha nyuzi, sawa ndugu mdogo wa piano. Ilikuwa mbovu. Mwaka 1821 akaja fundi Stefano Cavalletti, akatengeneza sehemu za ndani, akatia ngozi mpya, wala hakuomba hata franka moja. Aliacha maandishi ndani ya kinanda kwamba kuona mtoto anapenda kujifunza kunamtosha kama malipo. Mimi ni mtu wa sendika, kila siku nadai kazi ilipwe, lakini huyu fundi siwezi kumgombeza. Verdi aliitunza ile spineti mpaka uzee.

Walimu wake wa kwanza, Baistrocchi wa kijijini na kiisha Provesi wa Busseto, walikuwa wapiga kinanda cha kanisa. Akiwa bado mtoto, alikuwa anasoma Busseto, na siku ya Mungu anarudi Le Roncole kwa miguu kupiga kinanda cha misa. Safari moja, giza bado halijaondoka, alianguka kwenye mfereji wa maji, na mama mmoja mkulima njo alimtoa. Busseto tajiri mmoja wa duka, Antonio Barezzi, mpenda muziki, alimfungulia nyumba yake na piano yake. Hapo kijana alipiga, akaandika muziki mwingi wa bendi ya mji, akasifiwa na kila mtu. Lakini kuhusu vidole, namna ya kuweka mkono juu ya piano jinsi walivyotaka watu wa mji mkubwa, hakuna aliyemrekebisha.

Juni 1832 alikwenda Milano kuomba nafasi katika konsevatwari. Alikuwa na miaka 18, na sheria ilisema wanafunzi wasipite miaka 14. Tena alikuwa mgeni, maana Busseto ilikuwa nchi ya Parma na Milano ilikuwa chini ya Austria. Akapiga kipande cha Herz, kigumu kweli, akatoa na fuga ya sauti nne aliyoandika. Basily, mpimaji wa utunzi, aliona kwamba kijana akisoma vizuri atafika mbali. Angeleri, mwalimu wa piano, aliangalia mikono. Aliona imekaa vibaya, na kwa umri ule kuinyoosha itakuwa shida. Nafasi pia zilikuwa chache. Wakamkataa.

Watu wengi wakisimulia hii habari wanamcheka Angeleri. Mimi simcheki. Kwenye mgodi nimeona mtu amejifunza kuchomelea kwa kuangalia wenzake, anafanya kazi miaka kumi, siku ya tesiti shefu haangalii chuma alichounga, anaangalia paka namna anavyoshika fimbo. Na mara nyingine shefu ana haki: mkono uliozoea vibaya hauoni kosa lake wenyewe. Kosa lilianza Busseto, ambako sifa zilikuwa nyingi na wa kumsahihisha hayuko.

Verdi aliumia. Barua yake ya kuomba nafasi aliitunza maisha yote, na juu yake aliandika kwamba ilikataliwa. Lakini hakurudi nyumbani. Kwa pesa za Barezzi alibaki Milano, akamlipa mwalimu Vincenzo Lavigna wa teatro ya La Scala. Karibu miaka mitatu ilikuwa fuga na kanoni, fuga na kanoni. Mwaka 1834 chama cha waimbaji kilikuwa kinajaribu Uumbaji ya Haydn na kiongozi hakufika. Wakamwomba Verdi akae kwenye piano. Uzeeni alisimulia mwenyewe jinsi alivyopata moto: mkono wa kushoto unapiga, wa kuume unaongoza kwaya yote. Wale waliokuja kumcheka wakanyamaza.

Mwaka 1836 alipimwa tena, kule Parma, ili awe mwalimu wa muziki wa Busseto. Mpimaji Alinovi aliridhika kabisa. Mwaka huo akamwoa Margherita, binti ya Barezzi. Furaha haikukaa: watoto wawili wakafa, na mwaka 1840 mke naye akafa. Miaka miwili nyuma yake, tarehe 9 Machi 1842, Nabucco ikapigwa La Scala, na umasikini ukaisha.

Alipokuwa mzee, konsevatwari ya Milano ilitaka kuchukua jina lake. Yeye hakupenda. Alipokufa tarehe 27 Januari 1901, walilichukua, na mpaka leo inaitwa hivyo.

Pesa yake aliipeleka kwingine. Alijengesha Milano nyumba ya wanamuziki wazee wasiokuwa na pensheni, akaiachia mapato ya opera zake. Alikataza ifunguliwe yeye akiwa hai, hakutaka shukrani. Amezikwa humo pamoja na mke wake wa pili, Giuseppina Strepponi. Wazee wa kwanza waliingia tarehe 10 Oktoba 1902, siku ambayo angetimiza miaka 89.